Kabla ya koodineti, piga reli

Kila mwenye simu Tanzania anaijua nyota na anaijua reli. Salio la pesa za mtandao mara nyingi huangaliwa kwa kuanza na moja na kumaliza na nyingine. Lakini mtu huyohuyo akikaa mbele ya AutoCAD, programu ya kuchorea majengo na viwanja, anaweza kuchora miaka bila kujua kwamba alama hizo mbili, * na #, zina kazi yake huko pia. Kisha anasema koodineti "hazikubali" kwenye mashine yake.

Zinakubali. Shida ni kwamba tangu toleo la 2006 AutoCAD ina milango miwili ya kuingizia namba, na namba ileile hubadilika maana kulingana na mlango. Ukiandika kwenye mstari wa amri ulio chini ya dirisha, 10,10 ni mahali pamoja tu: kumi kulia na kumi juu kutoka sifuri-sifuri ya mchoro. Hiyo ndiyo koodineti kamili. Ukiandika kwenye kisanduku kinachofuatana na kishale, nukta ya kwanza huhesabiwa hivyohivyo, lakini kuanzia ya pili programu inaweka @ kimyakimya, na 10,10 inageuka kuwa kumi kulia na kumi juu kutoka pale ulipoishia.

Sasa tazama zoezi ambalo vyuo vingi hulitoa siku ya kwanza: chora mraba wa 10 kwa 10 kwa koodineti kamili. LINE, 0,0, kisha 10,0, kisha 10,10, kisha 0,10, kisha C. Kisanduku kikiwa kimewashwa, mstari wa kwanza unatoka sawasawa, kwa sababu ukianzia sifuri-sifuri hesabu zote mbili zinatoa jibu moja. Kosa linaanza mstari wa pili: 10,10 inatua kwenye 20,10, na 0,10 inatua kwenye 20,20. Ukifunga kwa C unapata umbo la pande nne lililolala mshazari, lisilofanana na mraba. Mwanafunzi anafuta, anarudia, umbo lilelile linarudi. Mwishowe anaambiwa aache koodineti, avute mstari kwa kishale na kuandika urefu, na kuanzia hapo koodineti kamili zinabaki kuwa kitu cha mtihani tu.

Maoni yangu ni kwamba zoezi hilo litupwe. Mraba wa kumi kwa kumi hauna sababu ya kuchorwa kwa koodineti kamili. Amri ya RECTANG inaumaliza kwa nukta mbili za kona. Koodineti kamili zina kazi chache na zote ni nzito: bikoni za kiwanja (alama za mpima kwenye pembe zake), makutano ya gridi ya nguzo, kupachika mchoro mmoja ndani ya mwingine, na kurudisha kitu kwenye sifuri-sifuri. Mwanafunzi aanzie huko, na aanzie na reli.

Reli kwanza. Ukiandika #10,10 kwenye kisanduku, unaiambia programu isiongeze @ yake. Wapo wanaopendelea kuzima kisanduku kwa F12, na wapo wanaobadilisha mpangilio uitwao DYNPICOORDS kutoka 0 kwenda 1 ili koodineti kamili ziwe ndiyo kawaida. Njia zote zinafanya kazi. Mimi nasimama na reli, kwa sababu mpangilio hukaa na mashine, na ofisi nyingi zina mashine tatu zinazotumiwa na watu saba. Tabia ya kidole unahama nayo.

Mahali reli inapookoa muda zaidi ni kwenye MOVE. Umechora nyumba mbali na unataka kona yake ije sifuri-sifuri. Unachagua, unabofya kona, unaandika 0,0, unabonyeza Enter. Hakuna kinachosogea. Programu imeelewa "sogea sifuri kulia na sifuri juu", na imetii. Andika #0,0 na nyumba itaruka mara moja.

Sasa kiwanja, maana hapa ndipo koodineti kamili zilipozaliwa. Tuchukue cha kubuni, maeneo ya Dar es Salaam, kwenye gridi ya UTM (mfumo wa ramani unaohesabu kwa mita) kanda ya 37 Kusini, E ikiwa mashariki na N kaskazini:

A: E 530112.40, N 9248305.15
B: E 530136.40, N 9248298.15
C: E 530128.00, N 9248269.35
D: E 530104.00, N 9248276.35

Ni kiwanja cha mita 25 kwa 30, mita za mraba 750, kilichoinama kidogo. Ukikiingiza kwenye kisanduku bila reli, B inaangukia 1060248.80, 18496603.30, yaani mstari wenye urefu wa zaidi ya kilomita 9,000. Angalau kosa hilo linapiga kelele. Yanayoniudhi ni yale yasiyopiga kelele.

La kwanza ni mpangilio wa safu. Jedwali nyingi za upimaji hutanguliza N kisha E. AutoCAD inataka X kwanza, na X ni E. Ukinakili jedwali kama lilivyo, unapata kiwanja kilichofungwa vizuri, chenye pande zote za urefu sahihi na eneo lilelile la 750. Amri ya AREA inayopima eneo haitakushtua, wala DIST inayopima umbali. Kilichotokea ni kwamba kiwanja kimegeuzwa kama kwenye kioo: ukiizunguka A, B, C, D kwa mwendo wa saa kwenye ramani ya mpima, kwenye mchoro wako unazunguka kinyume. Msanifu anaweza kupanga nyumba nzima humo, geti likiwa upande wa jirani. Dawa kwa Dar es Salaam ni kuhesabu tarakimu kabla ya nukta: E ina sita, N ina saba. Namba yenye saba isitangulie kamwe.

La pili ni mkato wa maelfu. Kwa AutoCAD mkato hutenganisha X na Y na Z, basi. 9,248,305.15 kwake ni nukta iliyo 9 kulia, 248 juu, na inayoelea 305.15 hewani. Ukitazama mchoro kutoka juu, hutaiona ikielea. Namba ziandikwe bila mkato wa maelfu, na desimali iwe nukta.

Na usiweke nafasi baada ya mkato. Kitufe cha nafasi humu ni Enter, kwa hiyo "530112.40, 9248305.15" inakatwa katikati na kukataliwa.

Bikoni zikizidi sita, usiandike kwa mkono. Weka E kwenye safu B ya Excel, N kwenye safu C, na kwenye D andika =B2&","&C2, kisha vuta hadi chini. Nakili safu D, rudi AutoCAD, zima kisanduku kwa F12, zima na kunasa nukta kwa F3, andika PLINE (amri ya mstari mmoja wenye vipande vingi), bofya mstari wa amri na ubandike. Kila mwisho wa mstari unakuwa Enter. Malizia kwa C. Usirudie bikoni ya kwanza mwishoni, utapata nukta mbili juu ya moja. Kama jedwali lilitoka kwenye PDF, hakikisha seli ni namba kweli na si maandishi, la sivyo ile mikato ya maelfu itahamia nayo kwenye mchoro.

Kuhusu F3: koodineti zinazoandikwa kwa kibodi kwa kawaida hazivutwi na nukta za jirani. Zile zinazosomwa kutoka faili la skripti, yaani orodha ya amri zinazojiendesha, zinavutwa, kwa sababu mpangilio wa OSNAPCOORD huja ukiwa 2, na 2 maana yake ni "kibodi inashinda, isipokuwa kwenye skripti". Bikoni iliyo karibu na kona ya ukuta inanaswa na kona hiyo, na wewe hukuona kishale kikigusa kitu. Iweke 1, au zima F3 kabla ya kuendesha skripti.

Nyota sasa. Ukihamisha mfumo wa koodineti kwa amri ya UCS, tuseme umeweka sifuri kwenye bikoni A na kuulaza mhimili wa X juu ya upande AB ili uchore kuta kirahisi, basi "kamili" inahesabiwa kutoka hapo. Ukitaka kuingiza bikoni nyingine kwa namba za mpima bila kurudisha UCS, tanguliza nyota: *530128.00,9248269.35. Huo ndio mpango ninaoupendekeza: ramani ya mpima ibaki ilipo, wewe uhamishe UCS. Kuna mazoea ya kuukamata mchoro mzima wa upimaji na kuuleta sifuri-sifuri "uonekane". Siku mhandisi wa barabara au wa maji analeta mchoro wake, hakuna kinacholingana na chochote, na hakuna anayekumbuka ulisogezwa kiasi gani. Kuuona inatosha ZOOM kisha E. Hiyo pia inafichua bikoni iliyokosewa tarakimu: kiwanja kinakuwa kidoa upande mmoja na nukta ya kosa upande wa pili.

Milimita nazo zina pahala pake. Ukichora jengo kwa milimita na ukang'ang'ania namba za gridi, N inakuwa 9248305150. Hesabu za ndani zinazibeba tarakimu 15 au 16, lakini kuonyesha kwenye skrini na kujaza kwa HATCH huanza kuyumba ukiwa mbali hivyo na sifuri: duara zinaonekana na kona, mijazo inagoma. Jengo likae kwenye faili lake, kwa milimita, karibu na sifuri-sifuri. Kiwanja kikae kwenye faili lake, kwa mita. Uliunganishe jengo na kiwanja kwa XREF, amri ya kuambatisha faili moja ndani ya nyingine, kwa kipimo cha 0.001, kona moja juu ya koodineti inayojulikana. Amri ya UNITS ya kuchagua vipimo haibadilishi ukubwa wa kilichokwisha kuchorwa, kwa hiyo ukisahau hiyo 0.001, mlango wa milimita 900 unaweza kuwa wa mita 900.

Ukimaliza, rudisha UCS kwenye World, mfumo wa asili wa mchoro, kisha tumia amri ya ID kwenye kila bikoni na usome X na Y dhidi ya jedwali. Usishtuke DIST ikitofautiana kidogo na futi ya fundi: karibu na mstari wa kati wa kanda, mita 100 za ardhini ni kama 99.96 kwenye gridi ya UTM.

Kuna jambo moja ambalo si reli wala nyota italitatua. Ramani nyingi za upimaji Tanzania na Kenya ziko kwenye Arc 1960, wakati simu na GPS ya mkononi huja ikiwa kwenye WGS84; hii ni misingi miwili tofauti ya kuhesabia mahali duniani. Namba zote mbili zina tarakimu sita na saba, zote zinaingia bila kukataliwa, na zinatofautiana kwa karibu mita 300. Muulize mpima kabla hujachora mstari wowote, na jibu lake uliandike ndani ya mchoro kando ya jedwali la bikoni, pamoja na namba ya kanda.