Mwanga, taka za nyuklia na urani ya Bahi

Watetezi wa nyuklia wana hoja nzito: mafuta yanayotolewa kwenye kinu cha nyuklia baada ya kutumika bado ni urani kwa takriban asilimia 95, na kama asilimia 1 ni plutoniamu, metali inayozaliwa ndani ya kinu na inayoweza kutumika tena kama mafuta. Kuyazika yote ni hasara. Ufaransa huyarejeleza katika kiwanda cha La Hague: huyayeyusha kwa asidi ya nitriki, kisha kiyeyusho maalumu huvuta urani na plutoniamu. Ili kuzitenga, plutoniamu huongezewa elektroni, ikarudi kwenye asidi, urani ikabaki kwenye kiyeyusho.

Mwanga unaingia hapo. Elektroni hizo hutolewa na kemikali, na mbinu za zamani zilitumia chumvi ya chuma, ambayo huishia kuongeza taka. Mwanga wa urujuanimno unaweza kuisukuma kazi hiyohiyo kwa msaada wa kemikali inayotoka kama gesi. Mwanafunzi wa kemia hapa Dodoma anaweza kuliona jambo hili bila kugusa urani: ayeyushe fuwele za kijani za oksalati ya chuma na potasiamu, aanike juani. Chuma hupokea elektroni, oksalati hutoka ikiwa kabonidayoksaidi. Kwa hilo nauunga mkono bila kusita utafiti wa kutenga plutoniamu kwa mwanga.

Kiwandani mambo ni magumu zaidi. Myeyusho mzito hunyonya mwanga wote karibu na uso, mionzi huvitia weusi vioo vya kawaida, na mwanga huohuo huvunja nitrati na kuzaa asidi inayoinyang'anya plutoniamu elektroni ilizopewa. Hayo wahandisi wanaweza kuyapatia dawa. Linalonitisha ni plutoniamu yenyewe ikishatengwa: mwaka 1974 India ililipua bomu lililotumia plutoniamu ya namna hiyo, na mwaka 1977 Rais Carter akasimamisha urejelezaji wa kibiashara Marekani. Taa haibadilishi hilo. Wala haiondoi sisiamu na strontiamu, elementi zenye mionzi zinazobaki katika taka, ambazo mionzi yake hupungua nusu kila baada ya miaka 30 hivi.

Sisi Watanzania hatuna kinu cha umeme wa nyuklia, lakini urani imetafutwa Bahi na Manyoni. Urejelezaji bora ungepunguza haja ya kuchimba kwingine. Haupunguzi hata chembe ya vumbi pale panapochimbwa. Kwa hiyo mwekezaji akifika kijijini na habari za teknolojia safi za ng'ambo, aulizwe ya hapahapa: maji ya visima na majaruba ya mpunga yatapimwa na nani, kabla ya shimo la kwanza kuchimbwa na miaka yote baada ya mgodi kufungwa, na kwa fedha za nani?