Fangasi wa utumbo: kisu kwanza au dawa kwanza?

Mtoto ana homa, amekonda, tumbo linauma, na daktari akimbonyeza anakuta uvimbe mgumu. Wengi watawaza saratani, kifua kikuu cha utumbo au ugonjwa wa Crohn, yaani uvimbe sugu wa utumbo usiotokana na maambukizi. Wachache watamkumbuka Basidiobolus ranarum, fangasi anayeishi kwenye udongo, majani yanayooza na kinyesi cha vyura na mijusi. Akiingia tumboni huvimbisha ukuta wa utumbo. Wagonjwa wengi wameripotiwa Iran, kusini-magharibi mwa Saudi Arabia na Arizona, Marekani. Nchini Uganda fangasi huyu anajulikana kwa sura nyingine, uvimbe mgumu chini ya ngozi, ambao daktari mpasuaji Denis Burkitt na wenzake waliueleza mwaka 1964.

Wanaotaka kupasua mapema wana hoja nzito. Kamera ya utumbo hunyofoa nyama ya juu tu, ilhali fangasi amejificha kwenye tabaka za chini, hivyo majibu ya maabara huweza kurudi bila kumtaja. Upasuaji hutoa nyama ya kutosha na kuondoa sehemu iliyoharibika. Utumbo ukiziba au kutoboka, hakuna cha kusubiri.

Lakini wapo wagonjwa, watoto wakiwemo, waliopona kwa dawa za fangasi, itrakonazoli au vorikonazoli, walizotumia kwa miezi. Kumkata mtoto utumbo ambao dawa ingeuokoa ni hasara ya maisha yake yote. Ndiyo maana mimi naegemea dawa pale ambapo hakuna dharura, ila kwa sharti moja: ugonjwa uwe umethibitishwa. Kubahatisha ni hatari, maana mgonjwa akidhaniwa ana Crohn atapewa steroidi, na hizo hupunguza kinga wakati fangasi anaenea. Hata amfoterisini, dawa ya fangasi iliyo kimbilio la wengi, mara nyingi hushindwa na fangasi huyu.

Dalili ya kwanza inaweza kuonekana kwenye kipimo cha kawaida cha damu: eosinofili, aina ya chembe nyeupe za damu, zikiwa nyingi kupita kiasi. Hapo sindano ya kuchukua nyama, ikiongozwa na ultrasaundi, inaweza kufika kwenye uvimbe bila kupasua tumbo. Chini ya hadubini huonekana nyuzi pana za fangasi zilizozungukwa na utando mwekundu.

Nyama yote ikitumbukizwa kwenye fomalini, kemikali ya kuhifadhi nyama isioze, fangasi hufa na hawezi kuoteshwa tena. Kipande kimoja kiwekwe kwenye maji ya chumvi yasiyo na vijidudu, kipelekwe maabara siku hiyohiyo, na fomu iandikwe wazi: tafuteni fangasi.