Kalori za vyuma: namba ipi tuiamini, na kwa kazi gani?

Mtu wa kilo 80 akinyanyua vyuma kwa saa moja anachoma kalori ngapi? Programu nyingi za simu hujibu kwa kutumia orodha ambayo Barbara Ainsworth na wenzake walianza kuichapisha Marekani mwaka 1993. Orodha hiyo hupima kila kazi kwa MET, yaani mwili unatumia nishati mara ngapi zaidi ya ukiwa umekaa kimya. Katika toleo lake la 2011, mazoezi ya vyuma ya kawaida, marudio 8 hadi 15 kwa seti, yamepewa 3.5. Yale makali, ya wainua vizito na watunisha misuli, yamepewa 6. Zidisha MET kwa 3.5, zidisha kwa uzito wa mwili, gawanya kwa 200, unapata kalori kwa dakika. Kwa mtu wetu, jibu la kwanza ni 294 kwa saa na la pili ni 504. Tofauti ya kalori 210 imeachiwa mtu mwenyewe aamue kama mazoezi yake ni ya kawaida au makali. Na nani akiwa jimu hujiona wa kawaida?

Ndiyo maana wapo wanaosema namba hizi zitupwe zote. Wengine wanashikilia kwamba makadirio mabaya ni afadhali kuliko kutokuwa na chochote. Nadhani kila upande una haki mahali pake, ila wanabishana kana kwamba watu wote wanaitaka namba hiyo kwa kazi moja.

Kwanza tuone kwa nini inasumbua. Anayenyanyua kilo 100 kutoka sakafuni hadi nusu mita juu amefanya kazi ya takriban jouli 490. Mara kumi ni kama jouli 4,900, na kalori moja ya chakula ni jouli 4,184. Yaani seti nzima, ile ya kukunja uso na kutoa jasho, kwa upande wa chuma chenyewe ni kalori moja na kidogo. Misuli hupoteza sehemu kubwa ya nishati kama joto. Tuseme robo au moja ya tano tu ndiyo inayofika kwenye chuma, basi mwili umetumia kama tano au sita. Piga seti tano, bado uko karibu na thelathini. Ongeza gharama ya kukishusha chuma, ambayo ni ndogo kuliko ya kukipandisha, na bado huifikii hata nusu ya 294. Anayejumlisha kilo zote alizonyanyua siku hiyo akidhani zitamwambia kalori alizochoma amejua jinsi alivyojitahidi, basi.

Kalori nyingine zinatoka wapi? Nyingi hutumika wakati chuma kimelala sakafuni. Seti huisha kwa sekunde thelathini au arobaini. Katika muda huo misuli hutumia akiba yake ya haraka pamoja na sukari iliyohifadhiwa ndani yake, bila kuisubiri oksijeni. Oksijeni hufuata baadaye, mtu anapokuwa amesimama mikono kiunoni akihema. Maabara hukadiria nishati kwa kupima oksijeni inayotumika, lita moja ikiwa sawa na takriban kalori tano, na kwa mkimbiaji wa mwendo mmoja kipimo hicho kinafanya kazi vizuri. Kwa mnyanyuaji, ukipima wakati wa seti tu umepunja. Kwa sababu hiyo hiyo, ile 3.5 inaeleweka tu kama wastani wa kipindi kizima pamoja na mapumziko yake. Anayewasha kipima muda chuma kinaposogea na kukizima kinapotua, kisha akatumia 3.5, anajinyima.

Saa janja ina tatizo la aina nyingine. Inasoma mapigo ya moyo na kuyageuza kalori kwa kudhani kwamba moyo ukienda kasi, oksijeni nayo inatumika kwa kiasi kinacholingana. Ukikimbia, dhana hiyo ni nzuri. Chini ya chuma kizito pumzi imebanwa, tumbo limekazwa, misuli iliyokaza imeibana mishipa ya damu, shinikizo limepanda na adrenalini imemwagika. Moyo unaweza kufika mapigo 150 huku oksijeni inayotumika ikiwa chini sana ya ile ya mtu anayekimbia kwa mapigo hayo hayo. Saa haina habari. Inaandika kana kwamba umekimbia.

Halafu tazama kifundo cha mkono chenyewe, pale saa inapovaliwa. Mwanga wa kijani ulio chini ya saa hupima damu inavyopita kwenye ngozi. Unaposhika chuma kwa nguvu, kano husimama, mkono hujikunja, mkanda huteleza kidogo, na mapigo kadhaa hayasomeki. Hapo kosa linakwenda upande wa pili. Huenda makosa hayo mawili yakafutana, lakini kutoka kwenye kioo cha saa huwezi kujua ni siku gani yamefanya hivyo.

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walijaribu vifaa saba vya mkononi kwa watu 60. Sita kati ya hivyo vilikosea mapigo ya moyo kwa chini ya asilimia 5, jambo la kusifiwa. Kwenye kalori, kilichofanya vizuri kuliko vyote kilikosea kwa asilimia 27 na cha mwisho kwa 93. Na hapo watu walikuwa wanatembea, wanakimbia na kuendesha baiskeli, kazi ambazo vifaa hivyo vinazimudu zaidi.

Wanaozitetea saa hujibu kwamba kosa lisilobadilika bado lina manufaa: saa ile ile, mtu yule yule, ratiba ile ile, linganisha wiki na wiki. Nakubali nusu. Ukipunguza mapumziko kutoka dakika tatu hadi moja, saa itaona tofauti ya kweli. Lakini joto la chumba, kahawa au usiku wa kukosa usingizi navyo hubadilisha mapigo bila kubadilisha sana nishati.

Kuhusu ule mwako unaosemekana kuendelea baada ya mazoezi: upo, ila kwa kawaida hukadiriwa kuwa asilimia 6 hadi 15 ya gharama halisi ya zoezi. Kilo moja ya misuli, nayo, ikiwa imepumzika hutumia takriban kalori 13 kwa siku. Si vya kujengea hesabu.

Kosa linaloniudhi zaidi ni lile linaloondoka kwa kutoa mara moja tu. Kati ya zile 294, kama 84 zingetumika hata mtu angekaa kwenye kochi. Anayeziongeza 294 juu ya matumizi ya siku ambayo tayari yamejumlisha mapumziko amezihesabu 84 mara mbili. Toa MET moja, zinabaki 210, na hiyo ndiyo gharama halisi.

Sasa chukua mtu anayetaka kupungua, aliyejipangia upungufu wa kalori 300 kwa siku. Saa inamwambia 480, anakula 480 kufidia, kumbe gharama halisi ni 220. Upungufu umebaki 40, na mwezi ukiisha anaishangaa mizani. Kwake, wanaosema namba itupwe wako sahihi kabisa. Aandike anachokula, ajipime kwa wiki nne au zaidi, matumizi yake ya jumla yatajitokeza, vyuma vikiwemo. Akishikilia kuhesabu, atumie 3.5, atoe moja, asile zaidi ya hapo.

Lakini yupo mtu ambaye ushauri huo utamuumiza. Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa mwaka 2014 ilitoa tahadhari rasmi kuhusu wanamichezo wanaokula kidogo kuliko kazi wanayofanya. Hesabu inayotumika ni chakula cha siku, toa gharama ya mazoezi, gawanya kwa kilo za mwili zisizo mafuta. Kukaa muda mrefu chini ya kalori 30 kwa kila kilo hiyo kunahusishwa na hedhi kuvurugika na mifupa kudhoofika. Hesabu hiyo haiendi bila gharama ya mazoezi, na anayeitupa ameandika sifuri mahali ambapo hapana sifuri. Mwanamke wa kilo 60, mwenye kilo 45 zisizo mafuta, akinyanyua vyuma saa mbili, gharama halisi, MET moja ikiwa imetolewa, ni 315 kwa kiwango cha kawaida au 630 kwa kile kikali. Ni kati ya 7 na 14 kwa kila kilo, wakati kutoka 45 inayohesabiwa kuwa salama hadi 30 ni hatua 15 tu. Kwake ningechukua 630 na kuongeza chakula. Kama namba ilikuwa kubwa mno, mizani itaonyesha kilo moja ya ziada baada ya miezi kadhaa, nayo ni rahisi kuishughulikia kuliko mfupa uliovunjika.