Tiketi Moja, Leseni Mbili: Nani Anafutiwa Texas

Ukikamatwa Texas ukienda maili 70 penye 60, sheria inakuachia mlango wa pembeni. Kabla ya tarehe ya kufika mahakamani unakiri kosa au unasema hupingi, unaonyesha bima na leseni ya Texas, unalipa gharama za mahakama, kisha unapewa siku 90 umalize kozi ya udereva wa kujihami ya saa sita. Ukirudisha cheti na rekodi yako ya udereva, kesi inafutwa, na kampuni ya bima hairuhusiwi kukupandishia malipo kwa tiketi hiyo.

Aliyezidisha maili 25 au zaidi hapiti mlango huo. Wala aliyefika 95, aliyelipita basi la shule likishusha watoto, aliyekimbia ajali, au aliyekosea penye ujenzi mafundi wakiwa kazini. Hapo sina neno. Neno langu ni juu ya mwenye CDL, leseni ya malori.

Wakongo, Wakenya na Watanzania wengi Marekani wanakula kwa usukani wa trela. Sasa mmoja wao trela kaliacha yadi, Jumapili anapeleka watoto kanisani kwa Corolla, anaandikiwa tiketi ya maili kumi. Jirani yake mwenye leseni ya kawaida, kosa lilelile, anafungua laptop mezani jikoni, anabofya kurasa mpaka chai ipoe, yamekwisha. Huyu wa lori, karani anamjibu dirishani kwamba haruhusiwi. Hata akiirudisha CDL kesho yake haisaidii, maana hutazamwa pia alikuwa na leseni gani siku ya kosa.

Katazo linatoka Washington, kwenye sheria ya mwaka 1999: majimbo yasifiche hatia ya mwenye CDL, awe amekosea akiendesha gari lolote. Hoja yake ina uzito, na kwa lori lenye tani 36, uzito wenyewe. Mwajiri anayekukabidhi funguo anataka kujua mguu wako ulivyo, na mguu haubadiliki kwa kubadili gari.

Lakini sheria hizohizo za shirikisho, zikihesabu makosa mazito ya kumsimamisha dereva wa lori, kosa la gari binafsi haziliingizi ila likiwa limemletea kufungiwa leseni. Kumbe tofauti inajulikana. Inasahaulika kwenye kozi tu.

Hata hivyo mimi nisingemfungulia mwenye lori. Ningembana jirani. Yeye anaweza kufutiwa tiketi moja kila baada ya miezi 12, miaka kumi mfululizo, na rekodi ikabaki nyeupe kama kanzu ya Idi. Pikapu nayo inaua.

Mwenye CDL aliyeshika tiketi mkononi asikimbilie kulipa faini kwa simu apate kupumua. Texas, kulipa kunahesabiwa kuwa hukupinga, na hatia inaingia kwenye rekodi. Akitaka kubisha, abishe kabla ya kulipa.