Mambo Msiige: jumba limepona, Shangani imelipa

Hoteli ya Park Hyatt ilipofunguliwa Shangani, mtaa wa Mji Mkongwe wa Zanzibar, mwaka 2015, Mambo Msiige ilipata uhai upya. Jumba hili la karne ya 19 liliwahi kuwa ubalozi mdogo wa Uingereza, na baadaye likawa ofisi za serikali.

Wanaoitetea hoteli wana hoja nzito. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Paa likivuja masika mawili matatu, maji hushuka ukutani, boriti zikaoza kwenye ncha zilizozama ndani ya ukuta, sakafu ikaanza kulegea. Anayeziba nyufa kwa saruji huzidisha balaa, maana unyevu hukosa pa kutokea. Kazi hiyo inataka fundi anayeijua chokaa, na inataka fedha kila mwaka. Desemba 25, 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultan Barghash la mwaka 1883, iliporomoka likiwa kwenye ukarabati na kuua watu wawili. Baada ya msiba ule, ni vigumu kumbeza mwekezaji anayekuja na mtaji.

Hata hivyo, kilicholeta ugomvi Shangani ni jengo jipya lililoshikizwa ubavuni mwa jumba, kwenye uwazi wa kando ya bahari. Kamati ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, iliyouandikisha mji huu mwaka 2000, ililalamikia ukubwa wake, nami naona ilikuwa na haki. Thamani ya Mji Mkongwe imo pia kwenye vichochoro, baraza na nafasi zinazopitisha upepo wa bahari. Nafasi hizo zikishajengwa hazirudi.

Wapo wanaotaja Old Dispensary, jengo la zahanati ya zamani kule Malindi, iliyokarabatiwa na taasisi ya Aga Khan ikawa kituo cha utamaduni. Mfano mzuri sana, ila ulitegemea mfadhili, na wafadhili wa aina hiyo hawatoshi kwa mji mzima. Hoteli zitaendelea kuja, na vijana wetu wanazihitaji ajira zake.

Basi mkataba wa jumba lijalo uwekwe hadharani, uwabane wakarabati kufundisha mafundi chipukizi wa chokaa, na uache njia ya umma kufika pwani. Kimo cha nyongeza yoyote kikubaliwe na kupimwa kabla msingi haujachimbwa, maana ghorofa ya mwisho ikishaezekwa hakuna atakayethubutu kuibomoa.