Sheria ya mshahara inasema onyesha, ya taarifa binafsi inasema funika

Idara ya mishahara siku hizi inatumikia mabwana wawili. Sheria za kazi zinaitaka itunze kumbukumbu kwa miaka na kuzitoa mkaguzi akibisha hodi: saa zilizofanywa, kiwango cha malipo, kila kato na sababu yake. Sheria za taarifa binafsi zinaitaka ikusanye kidogo, ifute mapema na ifungue kabati kwa wachache. Waajiri wengi wanalalamika kwamba kuzitii zote mbili haiwezekani. Lalamiko lina ukweli wake, ila hawaliweki mahali pake.

Wanaanza na suala la kufuta. Aliyeacha kazi anaandika: futeni taarifa zangu zote. Hapo hakuna mgongano wowote. GDPR, sheria ya Umoja wa Ulaya ya taarifa binafsi inayotumika tangu 25 Mei 2018, yenyewe inasema haki ya kufutiwa haigusi taarifa ambazo sheria inamlazimisha mwajiri kuzitunza. Uingereza inataka ushahidi wa malipo ya kima cha chini ukae miaka 6. Sheria ya shirikisho ya Marekani inataka miaka 3 kwa kumbukumbu za mishahara na 2 kwa kadi za saa. Tatizo huanza pale mwajiri anapochukua muda mrefu kuliko yote na kuuvika faili zima. Namba ya simu ya ndugu wa dharura haina kazi yoyote mtu akishaondoka. Tengeneza jedwali: kila aina ya taarifa, sheria inayoidai, na tarehe ya kuifuta. Isiyo na jibu katika safu ya pili haina sababu ya kukaa.

Kuna pia mazoea ya kumsainisha mfanyakazi fomu ya ridhaa. Ridhaa ni msingi dhaifu hapa, kwa sababu anayeomba kazi hana uhuru wa kukataa, na inaweza kuondolewa wakati wowote. Kodi inakatwa kwa sababu sheria imeagiza, na mshahara unalipwa kwa sababu kuna mkataba. Hiyo ndiyo misingi ya kuandika.

Hatari kubwa zaidi imejificha kwenye safu za makato: ada ya chama cha wafanyakazi, marejesho ya mkopo, matunzo ya mtoto kwa amri ya mahakama. Faili hilo likitumwa kwa mkuu wa idara ili “ahakiki jumla,” ameshajua nani mwanachama wa chama na nani ana amri ya mahakama juu yake. Uanachama wa chama cha wafanyakazi ni taarifa nyeti chini ya GDPR. Mkuu wa idara anahitaji jina, saa za kawaida na saa za ziada, basi. Na safu za makato ziondolewe kabisa. Zikifichwa tu ndani ya Excel, mpokeaji anazifichua kwa kubofya mara mbili.

Upande wa mshahara, kinachotesa ni tarehe. Tuseme kiwango kinapanda kutoka 1,000 hadi 1,100 kwa saa, na ongezeko linahesabiwa kuanzia mwezi uliopita. Aliyefanya saa 160 za kawaida na 12 za ziada kwa mara moja na nusu anadai malimbikizo ya 16,000 pamoja na 1,800, jumla 17,800. Ile 1,800 ndiyo husahaulika. Kosa jingine ni kuandika kiwango kipya juu ya cha zamani bila tarehe ya kuanza: mwajiri anapoteza ushahidi kwamba mwezi wa nyuma alilipa sawasawa. Ukitaka kuhifadhi kidogo, usianze na historia ya viwango.

Mgongano wa kweli uko kwenye uwazi wa malipo. Agizo la Umoja wa Ulaya namba 2023/970, ambalo nchi wanachama zilipewa hadi 7 Juni 2026 kuliingiza katika sheria zao, linampa mfanyakazi haki ya kuuliza wastani wa malipo, kwa jinsia, wa wanaofanya kazi sawa na yake. Kundi likiwa na wanawake 2 tu, mmoja akilipwa 900 na wastani ukawa 950, ameshajua mwenzake anapata 1,000. Hofu ya mwajiri hapa ni halali, na agizo linaruhusu nchi kuamua kwamba takwimu kama hizo ziende kwa wawakilishi wa wafanyakazi, wakaguzi wa kazi au chombo cha usawa peke yao. Lakini agizo hilohilo linakataza mfanyakazi kuzuiwa kutaja mshahara wake mwenyewe anapodai malipo sawa. Mwajiri anayetetea kipengele cha usiri wa mshahara kwa jina la faragha analinda siri yake mwenyewe, maana taarifa ile ni ya mfanyakazi.

Kwa mwajiri mdogo anayemlipa mkandarasi amfanyie hesabu za mishahara, kipengele cha kusomwa kwanza katika mkataba ni cha uvujaji wa taarifa. GDPR, na vilevile sheria ya Kenya ya taarifa binafsi ya 2019, zinampa mwajiri saa 72 kumjulisha msimamizi wa sheria tangu alipojua. Mkataba ukisema mkandarasi atatoa taarifa “haraka iwezekanavyo,” badilisha uandike saa 24.