Pangaboi au jeti: ipi inafaa safari fupi?

Abiria akitoka kwenye jengo la uwanja na kukuta ndege iliyoegeshwa ina mapanga sita kila upande, mara nyingi utamsikia akiguna: "Kumbe pangaboi." Ndani ya mguno huo kuna mashtaka mawili. Kwanza, ndege hii ni ya kizamani. Pili, shirika limebana matumizi na mimi ndiye nitakayeumia. Shtaka la kwanza halina miguu. La pili lina ukweli wake, na hapo ndipo penye mjadala.

Vickers Viscount, ndege ya kwanza ya abiria yenye mapanga yanayozungushwa na turbini, iliruka mara ya kwanza Julai 1948. De Havilland Comet, jeti ya kwanza ya abiria, iliruka Julai 1949. Hao ni marika. Hata ndani ya injini ni ndugu wa tumbo moja: zote huvuta hewa, huikandamiza, huichanganya na mafuta na kuichoma, kisha gesi ya moto inazungusha turbini. Jeti ya leo hutumia sehemu kubwa ya nguvu hiyo kuzungusha feni iliyofichwa ndani ya ganda. Pangaboi huipitisha kwenye giaboksi na kuzungusha mapanga yaliyo nje, mbele ya macho ya kila mtu.

Kwa nini mhandisi ahangaike na mapanga ya nje? Fikiria kilo 10 za hewa zinazosukumwa nyuma kwa mwendo wa mita 1 kwa sekunde, na kilo 1 inayosukumwa kwa mita 10 kwa sekunde. Msukumo unaopata ni uleule, lakini njia ya pili inakula nishati mara kumi. Mvuvi anayepiga kasia pana polepole analijua hili bila hesabu. Panga refu hushika hewa nyingi na kuisukuma kidogo, ndiyo maana katika safari fupi pangaboi huchoma mafuta machache kuliko jeti ya ukubwa wake. Huko ndiko "kubana matumizi" kunakotoka, na sioni aibu ndani yake.

Bei yake ni mwendo. Chukua ATR 72, inayobeba abiria wapatao 70. Mapanga yake yanachora duara lenye upana wa karibu mita 4, na wakati wa kupaa yanazunguka mara 1,200 kwa dakika. Piga hesabu: ncha ya panga inakata hewa kwa karibu mita 250 kwa sekunde, na hapo ndege yenyewe bado haijashika kasi. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Ncha ikiukaribia mwendo huo, panga linapoteza nguvu na kelele inapanda. Warusi walilazimisha: Tupolev Tu-114 ilikuwa na mapanga yaliyopangwa jozi jozi, ya mbele yakizunguka huku na ya nyuma kule, ikapita kilomita 800 kwa saa. Ilisifika kwa mwendo, na kwa makelele pia.

ATR 72 inatulia kwenye kilomita 500 kwa saa hivi. Kwa njia ya kilomita 400, kimahesabu inatumia dakika 48, na jeti ya kilomita 800 kwa saa inatumia 30. Hata hizo dakika 18 hazitimii, kwa sababu jeti ikimaliza kupanda inakuwa imekaribia kuanza kushuka. Njia ikiwa ya kilomita 1,500 mambo yanageuka: saa 3 dhidi ya chini ya 2. Abiria anachoka, na ndege inapoteza safari nyingine ambayo ingeifanya siku hiyohiyo. Kwa umbali huo mimi mwenyewe nitatafuta jeti.

Bombardier, waunda ndege wa Kanada, walijaribu kukaa katikati. Q400 yao inafika kilomita 667 kwa saa, ina injini kubwa na mfumo maalumu wa kupunguza mtikisiko ndani (ile Q ni ya "quiet", yaani utulivu). Lakini ukikimbiza pangaboi unaanza kula ile faida ya mafuta iliyokufanya uinunue. Utengenezaji wake ulisimama 2021, wakati ATR iliyo polepole zaidi inaendelea kuundwa.

Ukikaa dirishani kwenye Q400 utaona tairi likishuka kutoka kwenye ganda la injini, kwa sababu bawa liko juu na mguu umefungwa humo. Mguu huo ni mrefu, na 2007 shirika la ndege la Skandinavia, SAS, lilipatwa na ajali tatu za miguu hiyo, likaamua kuziondoa ndege hizo. ATR inaficha matairi kwenye vivimbe vya ubavuni: miguu mifupi, ila imekaribiana zaidi. Zote mbili zinanufaika na bawa la juu. Mapanga yanakuwa mbali na kokoto, na barabara fupi ya kurukia inatosha. Boeing 737-200 nayo iliweza kutua kwenye changarawe, lakini ilibidi ifungwe kinga kwenye tairi la mbele na mirija ya kupuliza hewa chini ya injini.

Hoja nzito zaidi dhidi ya pangaboi ni kimo. ATR 72 inakomea futi 25,000, jeti nyingi hupita 35,000. Kwa hiyo pangaboi hukaa muda mrefu zaidi ndani ya mawingu yenye barafu. Jeti huyeyusha barafu ya bawa kwa hewa moto kutoka kwenye injini. Pangaboi haina hewa ya kugawa hivyo, inategemea mikanda ya mpira inayojaa upepo na kuipasua. Oktoba 31, 1994, ATR 72 ilianguka Roselawn, Indiana, watu 68 wakafa: barafu ilijijenga nyuma ya mikanda hiyo, mbele ya vibawa vya kuinamisha ndege. Baada ya hapo mikanda ilipanuliwa. Mwenye hofu na pangaboi akianzia hapa, namsikiliza.

Wakati huohuo, tangu 2021 CFM, wanaounda injini za jeti nyingi zinazoruka leo, wanafanyia kazi injini ya mapanga yasiyo na ganda, wakilenga kupunguza mafuta kwa asilimia 20. General Electric waliruka na ya namna hiyo 1986, ikafungwa kwenye Boeing 727, kisha mafuta yakawa rahisi na hamu ikaisha. Safari hii swali gumu linahusu siti zilizo sambamba na mapanga: panga likikatika na hakuna ganda la kulidaka, ubavu wa ndege utalizuia kwa uzito gani wa ziada?